Nilivyoandika habari ya mwani wa Paje

Mwaka wa pili chuoni tulipewa kazi: kila mwanafunzi aandike makala kuhusu tatizo la dunia lisilosemwa vya kutosha. Wenzangu wengi walichagua moto wa misitu ya Amazon na barafu ya Greenland. Ni mambo mazito, sibishi, lakini husikika redioni. Mimi nilitaka kuandika kuhusu wakulima wa mwani wa Unguja, kwa sababu mwenzangu wa chumbani alisomeshwa kwa fedha ya mwani na sikuwahi kusikia habari hiyo popote.

Safari ya kwanza ilipotea bure. Nilivuka kwa boti, nikapanda daladala hadi Paje, nikakuta bahari haijapwa na hakuna mtu majini. Nilimwamkia bibi mmoja aliyekuwa akigeuza mwani juani. Akaitikia, akanitazama viatu, kisha akasema: "Mwanangu, umekuja na maji mafu. Utamwona nani?" Kumbe kazi ile huenda na mwezi. Wakulima huingia shambani wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yakipwa mbali. Nauli niliyotumia ilikuwa chakula changu cha wiki mbili.

Nilirudi na bamvua. Tuliingia hadi magotini, tukafunga vipande vya mbegu kwenye kamba zilizokazwa kati ya vigingi. Baada ya saa moja vidole vilikuwa vinaniwaka na maumivu ya mgongo hayasemeki. Wao huanza hivyo asubuhi na kuendelea mpaka maji yajae tena.

Nilikuwa na maswali kumi kuhusu mabadiliko ya tabianchi. La kwanza lilijibiwa kwa adabu tu, kama mgeni anavyojibiwa. Nikafunga daftari, nikauliza: zamani mlipanda nini ambacho hampandi tena? Hapo kila mmoja alitaka kusema. Walisema kotonii.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Zilikuwa aina mbili: spinosamu na kotonii. Zote hukaushwa na kusafirishwa ng'ambo, hutolewa utomvu wa kugandisha unaoingia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yalipozidi kuwa moto, matawi yake yakawa yanageuka meupe, yanalainika na kukatika, mkulima anakuta kamba tupu. Sehemu nyingi za Unguja wameiacha. Imebaki spinosamu, ya bei ndogo.

Wataalamu, akiwemo Dk. Flower Msuya, wamejaribu kuipanda kotonii kwenye maji ya kina, ndani ya neti zenye umbo la bomba. Ni njia nzuri, ila inataka chombo, na inataka mtu anayejua kuogelea. Wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea utotoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini habari hii haitangazwi: hakuna siku ambayo ilitokea. Hakuna nyumba iliyoanguka wala picha ya kutisha. Kipato kilipungua kamba kwa kamba, kwa watu ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu.

Kabla ya kukabidhi makala nilimpigia simu yule bibi, nikamsomea yote. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika sentensi ya mwisho, niliyoandika kwamba wanawake wa Paje wamekata tamaa.

"Nani kakwambia? Kesho bamvua, mimi naingia majini. Hilo lifute. Andika bei."

Nikalifuta. Nikamwomba anitajie bei ya kilo ya spinosamu mkavu wiki ile, na aliyokuwa akilipwa kwa kotonii. Akanitajia zote mbili papo hapo. Nikaziweka kwenye sentensi ya kwanza.