Mpango wa miaka kumi ulioanzia ghalani

Nilipopewa kazi ya kuandika mpango wa miaka kumi wa makumbusho yetu madogo ya sanaa hapa Dar es Salaam, kila mjumbe wa bodi alishakuwa na jengo lake kichwani: ukumbi mpya, mgahawa, pengine na ghorofa. Mimi ni mtunza mkusanyo, kwa hiyo nikaomba kikao kifanyike ghalani. Viti havikutosha, na nadhani hilo lilisaidia.

Niliwatolea picha mbili za mtindo wa Tingatinga za miaka ya 1980, zilizochorwa kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Zilikuwa zimelazwa moja juu ya nyingine, mvua za masika zikaja na kupita. Rangi ya simba wa chini ilikuwa imegandia mgongoni mwa picha ya juu, na kingo zimevimba kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mwenyekiti alizigusa, akaguna.

"Sasa tukijenga ukumbi, hizi zinahamia wapi?"

"Zinabaki humu humu, Mzee."

Kuanzia hapo tukaongea hesabu. Rejista ilituonyesha tunapokea kazi ngapi kwa mwaka na kila moja inakula nafasi gani. Rafu zingejaa kabla mpango haujafika nusu. Kupanga upya tulifuata RE-ORG, utaratibu wa kupanga maghala wa ICCROM, shirika la kimataifa la kuhifadhi urithi wa utamaduni, unaoyafaa makumbusho yasiyo na fedha nyingi: kisiwepo kitu sakafuni, kila kazi iwe na mahali pake, na uifikie bila kuhamisha zaidi ya vitu viwili.

Vinyago vya Kimakonde ndivyo vilivyoleta ubishi. Mfadhili alitaka kutupa viyoyozi. Lakini mpingo ukikaushwa haraka hupasuka, na kiyoyozi kinachozimwa jioni kuokoa umeme huukausha mti mchana, usiku ukanyonya unyevu tena. Tukamwomba feni, nyavu za madirisha na rafu za chuma zilizoinuka, mchwa wasizifikie kirahisi. Alikubali, ingawa hakuna anayekata utepe mbele ya feni.

Kwenye ununuzi nilikuwa mkali. Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo huo, alianza kuchora 1968 na kufariki 1972. Kazi zake ni chache, na zinaghushiwa mpaka sahihi. Huko hatuna ubavu. Tunanunua kwa walio hai, kidogo kidogo kila mwaka, na msanii anarekodiwa akieleza rangi aliyotumia, ubao alikoupata na nani alimsaidia. Ubishi wa nani alichora nini utamalizwa na rekodi hiyo. Zawadi nazo tunazichuja. Anayehama nchi na kutaka kutuachia kila kilichokuwa sebuleni kwake anashukuriwa vizuri, kisha tunachagua.

Ukumbi mpya haukufutwa. Umo, mwaka wa saba, kwa masharti mawili: rejista iwe imekamilika pamoja na picha zake, na mfuko wa matunzo uwe na fedha za kuliendesha jengo hilo miaka mitatu. Kila kikao Mwenyekiti huuliza mfuko umefika wapi. Hilo namwachia mhasibu.