Walipomwona Mzima, Wakaogopa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Somo letu la juma hili ni Marko 5:1–20, habari ya yule mtu mwenye pepo aliyekaa makaburini, ambaye Yesu aliwatoa pepo wake wakaingia katika kundi la nguruwe. Tukiwa watoto wa shule ya Jumapili tulipenda wale nguruwe wapatao 2,000 walioporomoka hadi ziwani. Mwalimu akitaka kusonga mbele, sisi bado tuko na nguruwe. Leo naomba tuwaache, tukae kwenye aya ya 15.

Watu wa mji wanakuja kuona yaliyotukia. Wanamkuta mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Kisha Marko anatia neno ambalo nimelisoma miaka mingi bila kulisikia: wakaogopa.

Wangeogopa alipokuwa akipiga kelele usiku na mchana na kujikata kwa mawe, tungewaelewa. Lakini wakati ule walikuwa na namna yao ya kuishi naye: pingu, minyororo, na makaburi yaliyo mbali na milango yao. Kichaa wa mji ana mahali pake na kila mtu anapajua. Aliyepona je? Atalala kwa nani? Nani atamwajiri?

(Na zile nguo zilitoka wapi? Luka anasema mtu yule alikuwa hajavaa nguo kwa siku nyingi. Wachunga nguruwe walishakimbia, waliobaki pale ni wanafunzi walioshuka chomboni. Maandiko yamenyamaza, lakini mimi hupenda kuamini kwamba kuna mwanafunzi aliyevuka ziwa kurudi bila joho lake.)

Niseme jambo moja hapa, maana somo hili limewahi kutumiwa vibaya. Sisemi kwamba kila ugonjwa wa akili ni pepo. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo kivyao na wenye kifafa kivyao. Nabii Eliya naye, pale chini ya mti wa mretemu alipoomba afe, hakukaripiwa wala hakukemewa pepo. Alilala, akaamshwa akala, akalala tena, akaamshwa akala tena. Kwa hiyo ndugu anayemwambia mgonjwa atupe dawa ili aonyeshe imani, anamsukuma aporomoke. Ugonjwa mara nyingi hurudi, na huweza kurudi na nguvu zaidi.

Sasa nirudi kwenye ile hofu, maana naijua.

Miaka michache iliyopita ndugu mmoja wa ushirika wetu aliugua. Alikaa siku kadhaa bila usingizi, akaanza kusema maneno tusiyoyaelewa, akapelekwa hospitali na kulazwa majuma sita. Tulimwombea, tukafunga, tukachanga. Siku aliyoruhusiwa tuliimba. Ndugu huyo ndiye alikuwa mtunza hazina wetu. Jumapili ya kwanza aliyorudi alikwenda kabatini kuchukua daftari la sadaka, kama alivyozoea, asilikute. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno. Akafunga kabati taratibu, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa.

Aliyelihamisha daftari ni mimi. Nilijiambia namhurumia, asije akachoka. Ukweli ni kwamba niliogopa, na hata leo sijui niliogopa nini hasa. Hesabu zake hazikuwahi kupishana. Zilipishana mwaka ule, nilipozishika mimi.

Baadaye sana aliniambia, bila hasira: “Nilipokuwa wodini mlinililia. Nilipotoka mkaanza kunong’ona.”

Kazini kwake walimpokea, lakini nusura aipoteze kazi hiyo ndani ya majuma mawili. Dawa alizokuwa akinywa usiku zilimwachia usingizi mzito asubuhi na mikono ya kutetemeka. Msimamizi akaona mvivu, wenzake wakaona mlevi. Tulizidisha maombi. Aliyeuliza swali la maana ni mama mmoja wa ushirika, ambaye hata si mzee wa kanisa: “Mwanangu, kichwa chako kinakuwa chepesi saa ngapi?” Akajibu, saa nne. Basi wakaenda pamoja kwa mwajiri, kwa ridhaa yake mwenyewe, wakaomba aanze saa nne, nusu siku, kwa muda. Wakakubaliwa. Wakamwendea na daktari, maana saa za kunywa dawa na kiasi chake huweza kupangwa upya, ila ni daktari wa kuzipanga, si sisi. Kila asubuhi mama yule alipiga simu. Hakuuliza habari za dawa. Aliuliza tu, “Umeamkaje?” na sauti ikamwambia mengine. Siku ambayo ndugu yetu hakuweza kuinuka, taarifa ilifika kazini kabla ya saa nne.

Mama yule hakusomea popote. Lakini kuna watu waliokwisha kulifanya jambo hili kuwa utaratibu. Miaka ya 1940, huko New York, kikundi cha watu waliotoka hospitali ya magonjwa ya akili walianza kukutana, wakajiita kwa jina lenye maana ya “Hatuko Peke Yetu”. Mwaka 1948 wakapata nyumba, ikaitwa Fountain House kwa sababu ya chemchemi iliyokuwa uani. Humo hakuna anayeitwa mgonjwa. Wote ni wanachama, na kila asubuhi kuna kazi ya jikoni, ya ofisini, ya mapokezi, ambayo wao wenyewe wasipoifanya haifanyiki. Halafu wakabuni jambo ninaloliwaza sana. Nyumba inapatana na mwajiri kuhusu nafasi ya kazi, mwanachama anaifanya kwa miezi kadhaa, saa chache kwa siku, kwa mshahara halisi. Akiamka hawezi, mwingine kutoka Fountain House anakwenda badala yake. Kazi ya mwajiri haisimami, na aliyelala hafukuzwi. Paulo aliandika tuchukuliane mizigo, Wagalatia 6:2, na mimi nilidhani mzigo wa mwenzangu nitaubeba kwa maombi tu. Sikuwahi kufikiri unaweza kuwa zamu yake ya kazini.

Turudi ziwani. Mtu yule alimsihi Yesu aende naye. Namwelewa kabisa. Nani anatamani kurudi kwa watu walioshika minyororo yake jana? Yesu akakataa, akamtuma kwake, kwa watu wa kwao. Zamani niliona amri hiyo inamhusu yeye peke yake. Sasa naona imeugusa mji mzima, kwa sababu mtu hawezi kwenda nyumbani kama wa nyumbani hawafungui mlango.

Daftari nilimrudishia baada ya miezi mitatu, mbele ya wote, nikaomba radhi. Alilipokea, akalifungua pale pale, akaanza kukagua kazi yangu.

Marko anasema mtu yule alikwenda akahubiri katika Dekapoli, ile nchi ya miji kumi iliyokuwa kwao. Kumbuka wale watu wa mji walikuwa wamemsihi Yesu aondoke mipakani mwao. Sasa fungua sura ya 7, aya ya 31 na 32. Yesu anapita tena katika nchi hiyo ya Dekapoli, na watu wanamjia wakiwa na kiziwi asiyeweza kusema vizuri. Neno ni lile lile: wanamsihi. Safari hii wanamsihi amwekee mkono.