Kuandika safari za hatari: mimi napanda ndege, dereva anabaki

Wengi wanaoniuliza nilianzaje kuandika safari za sehemu zenye vita wanategemea niwape stori za risasi. Risasi nimezisikia mara chache tu, tena kwa mbali. Ninachokumbuka zaidi ni kusubiri, viza haijatoka, kibali hakijasainiwa, barabara imefungwa, dereva kasema leo hapana, na hela ya chumba inakatika kila siku huku mhariri hata imeili hajajibu. Maana wengi wetu hatujaajiriwa, unaenda kwa pesa yako, unaandika, unalipwa stori ikishatoka, ikikataliwa imekula kwako.

Halafu bima. Ile ya kawaida ya safari soma maandishi madogo, nyingi zinasema kabisa vita haimo. Yangu ya kwanza niliisoma nikiwa nimeshafika, nikabaki nacheka peke yangu kama mwehu. Shirika la Rory Peck Trust wanasaidia sana waandishi wa kujitegemea kwenye mambo kama haya, lilianzishwa 1995 baada ya mpiga picha wa kujitegemea Rory Peck kuuawa Moscow mwaka 1993.

Na jifunze kuzuia damu, jamani. Mpiga picha wa vita Tim Hetherington alipigwa na vipande vya kombora pale Misrata, Libya, Aprili 2011, akafa kwa kutokwa damu. Rafiki yake, mwandishi Sebastian Junger, ndo akaanzisha shirika la RISC, kufundisha waandishi wa kujitegemea huduma ya kwanza bure. Mimi mkanda wa kukaza mguu naweka mfuko wa suruali, sio kwenye begi, begi ndo la kwanza kusahaulika kwenye gari mkikimbia.

Ila ninachotaka kusema hasa ni kuhusu dereva. Usiku mmoja tulikuta kizuizi barabarani ambacho asubuhi hakikuwepo. Mzee wangu, dereva, hakusema neno, akapunguza taa za mbele, akawasha ya ndani ili watuone vizuri, akazima redio, akashusha vioo vyote vinne, mikono akaiweka juu ya usukani. Ndo akaniambia taratibu, "Mwanangu, simu weka chini, na usitabasamu." Na mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu! Pasipoti yangu wakaigeuzageuza wakanirudishia. Yeye wakamuuliza jina la baba, la babu, anatoka kijiji gani, nani anamjua huko tuendako, na shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima ingawa kulikuwa na baridi.

Stori ilipotoka nilikuwa mimi katikati, nimeogopa mimi, nimepona mimi. Yeye nilimwandika "dereva" mara mbili.

Baadaye nikasoma vizuri habari ya Afghanistan ya 2007. Mwandishi wa Italia Daniele Mastrogiacomo alitekwa na Taliban pamoja na dereva wake Sayed Agha na mkalimani wake Ajmal Naqshbandi. Dereva aliuawa. Mwitalia akaachiwa kwa kubadilishana na wafungwa 5 wa Taliban, mkalimani akabaki mikononi mwao, na mwezi wa nne wakamuua naye. Simlaumu Mastrogiacomo, hakuwa na uwezo wa kuchagua. Lakini tangu hapo nikisikia mtu anaitwa jasiri kwa sababu kapita njia fulani, najiuliza nani alikuwa kashika usukani.

Kwa hiyo sasa jina la dereva siliandiki mpaka aniambie mwenyewe niliandike, akisema turudi tunarudi hata kama tumebakiza kilomita 10, na kabla sijakubali kazi namuuliza mhariri, huyu mzee akipata tatizo kwa ajili ya stori yenu nani analipa hospitali? Wahariri wawili mpaka leo hawajanijibu.