Umeruka mstari

Kwanza zilikuwa kope. Jumamosi jioni bibi alikaa kwenye kigoda, akaniinulia uso kuelekea jua linalozama, na mimi kwa kibanio kidogo cha chuma nikazing'oa moja moja zile zilizogeukia ndani ya jicho. Vikope vilikuwa vimemla macho tangu ujana. Kongwa ya wakati ule, na vumbi lake, nzi wake na maji ya kufuata mbali, wazee wa namna hiyo walikuwa wengi. Tukimaliza alijifuta machozi kwa pindo la kanga, akasema, "Haya mume wangu, soma." Ndipo nikunjue gazeti.

Mjomba alikuwa konda wa basi la Dodoma mjini, na kila Jumamosi alituletea gazeti lenye hadithi ya mfululizo. Siasa bibi hakuzitaka. Alimtaka Sikudhani, msichana wa kazi aliyetoka kijijini akaangukia mikononi mwa mama mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, mwenye ulimi wa wembe. Hadithi ilianza ukurasa wa 5, ikamalizikia ukurasa wa 14. Kwamba ni ya kutunga alijua fika. Siku moja nilimuuliza, akanishangaa: "Kwani mimi mtoto?" Lakini wiki Sikudhani alipolazwa jikoni na njaa, bibi alisogeza pembeni ugali wake wa uwele na mlenda, akasema hana hamu.

Mwanzoni mwa 1998 mvua za El Nino zilikuwa bado zinapiga. Korongo la kuelekea Mbande likafurika, barabara ikakatika, basi likalala mjini. Jumamosi ikafika bila gazeti. Nilikuwa na miaka 14. Sikutaka kumvunja moyo bibi, na niseme ukweli, kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinaona kazi ile ya mwandishi si ngumu kihivyo. Nikachukua gazeti la wiki iliyopita, nikaketi.

"Ilipoishia wiki iliyopita" ilipita vizuri, maana nilikuwa naijua. Nilipotamka "Sasa endelea" koo likakauka. Nikaona nimlipie Sikudhani kisasi. Nikamsimamisha katikati ya sebule, mikono kiunoni, nikamtapisha maneno: wewe mama huna haya, wewe mama utakufa vibaya. Nilikuwa nimeanza kupata raha bibi alipoinua mkono.

"Umeruka mstari."

"Sijaruka, bibi."

"Umeruka. Sikudhani hamjibu mtu mzima hivyo. Yule akionewa hutazama chini, akakunja pindo la kanga. Rudia."

Nikarudia. Safari hii nikamwacha atazame chini, akunje kanga yake. Sasa, mkono ukishakunja pindo la kanga lazima ukutane na kitu, na nikajisikia nikisema kwamba vidole vyake vimegusa fundo, na ndani ya fundo mna noti alizodunduliza tangu Pasaka. Fedha ile sikuwa nimeipanga. Mimi nilitaka ugomvi. Yeye akanyamaza, akangoja mama alale, akatoka na ndala mkononi mpaka stesheni, akapanda behewa la daraja la tatu la Reli ya Kati kurudi kwao, ashukie Gulwe. Nilikuwa namkimbilia nyuma tu. Nilipoishiwa pumzi nikasema, "Itaendelea." Bibi akavuta kanga mabegani, hakusema neno.

Jambo hilo lilinikaa. Miaka kumi na zaidi baadaye, nikiwa Chuo Kikuu cha Dodoma, nilikutana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Marjorie Taylor, na wenzake, ya 2003. Walihoji watunzi 50 wa hadithi, na asilimia 92 wakasema wamewahi kuona wahusika wao wakifanya au kusema mambo kwa hiari yao, kana kwamba mtunzi ni mtazamaji. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka watu wakageuka. Fundo lile la kanga! Wengine wawili, Melanie Green na Timothy Brock, walikuwa wameonyesha mwaka 2000 kwamba msomaji huweza kusafirishwa na hadithi, na kuambiwa mapema kuwa ni ya kweli au ya kutunga hakubadilishi kitu. Hapo nikamwona bibi na sahani yake. Walisema pia kwamba aliyesafirishwa sana huona kasoro chache. Hilo nakubali nusu. Bibi alinikamata kwa sababu alikuwa ndani ya ile nyumba ya Sinza kabisa, mimi ndiye nilikuwa nje nikipiga kelele dirishani. Ama ule utafiti uliotangazwa 2013, kwamba kurasa chache za riwaya nzuri hukuongezea papo hapo uwezo wa kusoma mioyo ya watu, siutegemei. Baadhi ya waliourudia hawakupata kitu. Bibi alimsikiliza Sikudhani mwaka mzima, na jirani yake aliendelea kumnunia kwa sababu ya kuku mmoja.

Basi lilirudi baada ya wiki tatu, mjomba akashuka na magazeti matatu kwa mpigo, mawili yameloa. Nikasoma yote jioni moja. Kwa mwandishi wao Sikudhani hakwenda popote. Alibaki Sinza, akaolewa na kaka wa yule mama, akawa tajiri kwa ghafla. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, taa ya chemli katikati yetu.

"Leo karatasi imelia," akasema.

Sikuelewa.

"Hadithi ikifika katikati huwa unafungua karatasi, inalia. Ile wiki ya mvua haikulia. Ulisoma yote hapo hapo."

Uso ulinipata moto. Nikaanza kutafuta namna ya kuomba radhi, naye akanikata.

"Yule wa kwako, alishuka Gulwe?"

"Bado, bibi. Reli imekatwa na maji. Treni imesimama porini."

Akakaa kimya, akipapasa pindo la kanga yake.

"Ana chakula?"