Deb, Flatpak, Snap au AppImage: amua programu moja moja

Ukitaka kuweka GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, njia ni nne. Kuna kifurushi cha deb kutoka ghala la Ubuntu lenyewe, Flatpak kutoka Flathub (ghala kuu la Flatpak), Snap kutoka duka la Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, na AppImage ambayo ni faili moja tu unayoipakua. Programu ni ile ile, ila baada ya kuisakinisha kila njia ina tabia zake na matatizo yake. Watu wengi huchagua njia moja wakaishabikia kama timu ya mpira. Mimi naona uamuzi ufanywe kwa kila programu peke yake, kwa kuuliza mambo matatu: tundu la usalama likigunduliwa nani ataliziba, programu inahitaji kugusa nini kwenye kompyuta, na itakula bando kiasi gani.

Anza na deb kila mara. Nguvu yake ni maktaba za pamoja, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingi huvitumia kwa pamoja. Septemba 2023 liligunduliwa tundu kubwa kwenye libwebp, maktaba inayofungua picha za WebP (CVE-2023-4863). Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ilitoa libwebp iliyorekebishwa, na programu zote zilizokuwa zikitegemea maktaba ya mfumo zikapona kwa `sudo apt upgrade` moja, ukishazifunga na kuzifungua upya. Zile zilizobeba nakala yake tumboni, zikiwemo programu za Electron (zilizoundwa kwa teknolojia ya tovuti, zikibeba kivinjari ndani yake), zilibidi zisubiri kila mtengenezaji atoe toleo jipya. Wengine walichelewa.

Udhaifu wa deb ni kwamba matoleo hugandishwa. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na GIMP 2.10. GIMP 3.0 ilipotoka Machi 2025, watumiaji wa Debian 12 walibaki na 2.10 yao. Hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza ghala la toleo jipya la Debian ndani ya sources.list, faili linaloorodhesha maghala ya apt, ili achomoe programu moja. Usifanye hivyo. Programu hiyo itavuta libc6 mpya, maktaba ya msingi inayotegemewa na karibu kila programu, libc6 itavuta nyingine, na utabaki na mfumo ambao si 12 wala 13, usioweza kurudi nyuma. Ukihitaji kitu kipya kwenye mfumo uliotulia, hiyo ndiyo kazi ya Flatpak.

Deb ya kupakua kwenye tovuti ni jambo jingine. Isakinishe kwa `sudo apt install ./faili.deb`, wala si `dpkg -i`, kwa sababu dpkg haiendi kutafuta vitegemezi, yaani vifurushi vingine ambavyo programu inavihitaji. Ikikwama, `sudo apt --fix-broken install` hunusuru. Kumbuka pia kwamba deb ina skripti zinazoendeshwa kwa mamlaka yote ya ruti (root, msimamizi mkuu wa mfumo) wakati wa kusakinisha. Usipomwamini aliyeitengeneza, hakuna kizimba (sandbox, ukuta unaoitenga programu na mfumo) chochote kinachokulinda.

Flatpak huanza hivi:

sudo apt install flatpak
flatpak remote-add --if-not-exists flathub https://dl.flathub.org/repo/flathub.flatpakrepo

Toka kwenye akaunti yako uingie tena, la sivyo programu utakazoweka hazitaonekana kwenye menyu. Programu ya kwanza itakushtua: unataka kikokotoo kidogo, unaambiwa upakue mamia ya MB. Kinachopakuliwa ni rantaimu, yaani mkusanyiko wa maktaba ambazo programu itaziegemea badala ya zile za mfumo wako. Programu ya pili inayotumia rantaimu hiyo hiyo huja na uzito wake tu. Tatizo huja pale programu moja inapotaka toleo moja la rantaimu ya GNOME na nyingine toleo jingine, kisha ya tatu inataka ya KDE (GNOME na KDE ni maeneokazi ya Linux). Zote hukaa kwenye diski pamoja. Kila baada ya muda endesha `flatpak uninstall --unused`, uondoe zisizotumiwa na yeyote.

Malalamiko mengi kuhusu Flatpak hutokana na kizimba chake. Programu haioni diski ya pili, au inafungua faili moja ulilolichagua lakini haioni jirani zake kwenye folda. Dawa ni kuiongezea ruhusa kwa folda husika peke yake:

flatpak override --user --filesystem=/media/data jina.la.Programu

Asiyependa terminali atumie Flatseal, hufanya kazi hiyo hiyo kwa vitufe. Kabla ya kuamini kizimba, tazama `flatpak info --show-permissions jina.la.Programu`. Ukiona `filesystems=host` au `home`, programu inasoma mafaili yako yote, na ukuta uliobaki ni mwembamba. Kwa wenye kadi ya NVIDIA, draiva iliyo ndani ya Flatpak lazima ilingane na ya mfumo namba kwa namba. Ukisasisha draiva kwa apt bila kufuatisha `flatpak update`, michezo na programu za 3D zitakuwa nzito ghafla au hazitafunguka.

Kuna programu ambazo sizipendekezi kwa Flatpak hata kidogo. Kihariri cha msimbo kinachohitaji kompaila na zana zilizo kwenye mfumo kitakusumbua kila siku. Kitunza nywila kinachotakiwa kuzungumza na kivinjari nacho, kwa kuwa kizimba huwatenganisha. Hizo ziweke kwa deb.

Snap haina mengi ya kueleza. Kwenye Ubuntu tangu 22.04, `apt install firefox` huleta Snap, si deb. Ukiitaka deb, Mozilla wana ghala lao la APT, ila lazima ulipatie ghala hilo kipaumbele cha 1000 kwenye `/etc/apt/preferences.d/`, vinginevyo kifurushi cha Ubuntu kitashinda. Snap hujisasisha yenyewe, hukagua mara nne kwa siku, na hutunza toleo la zamani pembeni. Ni nzuri kwa anayesahau kusasisha, ni mbaya kwa anayenunua bando. Zuia kwa `sudo snap refresh --hold`, au tumia `sudo snap set system refresh.metered=hold` kisha uitaje Wi-Fi ya simu yako kuwa ya kulipia kwenye mipangilio ya mtandao. Ukizuia kabisa, panga siku yako mwenyewe ya kusasisha. Flashi isipoonekana ndani ya programu, endesha `sudo snap connect jina:removable-media`.

AppImage ni ya kujaribu na ya kubeba. `chmod +x`, kisha ibofye. Ikikataa ikitaja libfuse.so.2, weka `libfuse2` kwenye Ubuntu 22.04 au `libfuse2t64` kwenye 24.04. Usiweke kifurushi kinachoitwa `fuse` pekee. Huondoa fuse3 na kinaweza kung'oa sehemu za eneokazi lako pamoja nayo. Kama huna mamlaka ya kusakinisha chochote, `./Programu.AppImage --appimage-extract` huifumua kwenye folda `squashfs-root`, nawe uendeshe `AppRun` iliyomo. Nyingi hazijisasishi, kwa hiyo sishauri kutumia AppImage kwa kivinjari wala kwa chochote kinachofungua mafaili ya watu usiowajua.

Kwa wenye kompyuta kadhaa na bando moja, pakua mara moja tu. AppImage nakili kwa flashi. Snap: `snap download jina` hutoa mafaili mawili, kwenye mashine ya pili anza na `sudo snap ack` kwa lile la .assert, halafu `sudo snap install` kwa lile la .snap. Kwa deb, tumia `apt-get` badala ya `apt`, kwa sababu `apt` hufuta vifurushi ikishamaliza, wakati `apt-get` huviacha ndani ya `/var/cache/apt/archives`. Flatpak inahitaji hatua moja ya ziada kwenye mashine zote mbili:

sudo flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub

Endesha `flatpak update`, kisha `flatpak create-usb /media/flashi org.gimp.GIMP`. Rantaimu hunakiliwa pamoja na programu. Mashine ya pili nayo iwe imeshawahi kuwasiliana na Flathub angalau mara moja, na prosesa ziwe za aina moja: kilichopakuliwa kwa x86_64 (prosesa za Intel na AMD) hakitafunguka kwenye Raspberry Pi.