Siku Niliyokuwa Msitu

Mwalimu wetu wa upigaji picha alinikabidhi matawi mawili mabichi, akanisimamisha karibu kabisa na lenzi, akaniambia kwamba leo mimi ni msitu. Ilikuwa 2011, Roma, kwenye ua wa chuo, mahali ambapo wanafunzi waliegesha pikipiki. Mwenzangu alipewa matawi mengine matatu. Binti mmoja wa darasa letu akaambiwa apite nyuma yetu taratibu, akitazama huku na huku kama mtu anayehisi anafuatwa.

Tulipunga matawi hadi mikono ikafa ganzi. Mwalimu alikuwa akifoka: shusha la kushoto, acha moja tu lipite, sasa pandisha! Kamera nayo ilikuwa juu ya kitoroli cha kubebea maboksi ya maji, inasukumwa kwa mguu. Tulipokusanyika kutazama tulichopiga, pikipiki zilikuwa zimetoweka. Binti yule alikuwa anatembea peke yake ndani ya pori zito, na majani yanampita usoni.

Ndipo mwalimu akatueleza hila hiyo ameichukua wapi. Mario Bava, mwongozaji wa Kitaliano wa filamu za kutisha, alipokuwa akipiga filamu yake "Reazione a catena" mwaka 1971, pesa zilikuwa kiduchu. Hadithi yake ilitaka msitu kando ya ghuba, na kule Sabaudia, pwani ya kusini mwa Roma, alikuta miti ya kuhesabu tu. Akanunua matawi kwa muuza maua, yakawa yanapungwa mbele ya lenzi, na waigizaji wanapita nyuma yake. Reli za kuendeshea kamera hazikuwepo. Kamera ikapandishwa kwenye kigari cha kuchezea watoto. Mpigapicha alikuwa yeye mwenyewe. Kazi hiyo alikulia ndani yake, kwani baba yake, Eugenio, alikuwa mtu wa kamera na hila za picha tangu enzi za filamu zisizo na sauti.

Jioni tukaoneshwa filamu yenyewe. Bibi tajiri kwenye kiti cha magurudumu ananyongwa, na muuaji tunamwona sura: ni mumewe. Hatujamaliza kushangaa, mume naye anachomwa kisu. Basi kuanzia hapo ni kuuana tu kwa ajili ya urithi wa ile ghuba, na kufikia mwisho maiti ni 13. Kijana mmoja anapigwa mundu wa uso. Wapenzi wawili wanachomwa mkuki mmoja wakiwa kitandani. Majeraha hayo yalitengenezwa na Carlo Rambaldi, yule aliyekuja kumtengeneza E.T., kile kiumbe cha anga za juu kwenye filamu ya Hollywood. Lakini kilichonikosesha raha mimi, mtoto wa Tanga ambaye pweza namjua kwenye supu, ni pweza hai anayetambaa juu ya uso wa maiti. Wenzangu Wataliano walipiga kelele. Mimi niliacha kula kwa siku kadhaa, na pweza hadi leo namtazama vibaya.

Taa zilipowashwa, mabishano yakaanza. Mmoja alisema ni uchafu, hakuna hadithi, ni watu wanaopanga foleni ya kufa. Mwalimu hakumpinga. Alisema wengi waliyasema hayo hayo ilipotoka. Mashabiki wa Bava wenyewe, waliozoea filamu zake za makasri na ukungu, waliona amejishusha. Kule Uingereza filamu iliingia kwenye orodha ya video zilizoandamwa na waendesha mashtaka miaka ya 1980, na ni mwaka 2010 tu ndipo iliporuhusiwa kule bila kukatwa. Wamarekani kwa upande wao waliisoma vizuri mno: katika sehemu ya pili ya filamu yao ya mauaji, "Friday the 13th", ya 1981, wapenzi wanachomwa mkuki kitandani, na mtu anapigwa panga la uso. Bava hakuyaona hayo. Alifariki Aprili 1980.

Mimi nilikuwa upande wa filamu, na bado niko. Damu yake imechakaa, rangi tupu. Ila kila tawi lilipopita kwenye pazia nilikuwa najiuliza limeshikwa na nani, na mkono wake ulikuwa umechoka kiasi gani.

Usiku huo nilimpigia mama. Akauliza nimesoma nini leo, nikamsimulia yote, hadi pale watoto wawili wanapowafyatulia wazazi wao risasi wakidhani ni mchezo, kisha wanakimbilia ufukweni kwa furaha.

"Baba," akasema, "na hao watoto muda wote huo walikuwa wanalelewa na nani?"

Nikamwambia waliachwa kwenye karavani, wazazi wamekwenda kuua watu.

"Aa, basi," akasema mama. "Huyo aliyeitunga ana akili."

Mkosoaji mwenye neno bora kuliko hilo sijamsoma.