Jino likikuamsha saa nane usiku

Maumivu ya jino yana tabia ya kusubiri watu walale. Mchana kutwa lilikuwa linakugusagusa tu, unafanya shughuli zako unalisahau, afu ukishazima taa na kuweka kichwa kwenye mto ndo linaanza, du du du, linapiga sawasawa na mapigo ya moyo, ukilikandamiza linazidi, ukiliacha linazidi. Na kliniki zote muda huo zimefungwa. Sio kisirani, sababu ipo: ukilala chali damu inajaa zaidi kichwani, na ndani ya jino kuna kiini laini chenye neva na mishipa ya damu, kimefungiwa kwenye kuta ngumu pande zote. Kidole kikivimba ngozi inatanuka, lakini kiini cha jino kikivimba hakina pa kutanukia, presha yote inaishia kwenye neva.

Kwa hiyo kabla hata hujaanza kupekua droo ya dawa, amka ukae. Au lala umeegemea mito miwili mitatu, kichwa kiwe juu ya kifua. Watu wanalidharau hili kwa sababu halinunuliwi, ila kwa jino linalodunda usiku linasaidia kuliko nusu ya vitu mnavyotumiana kwenye magrupu.

Kinachofuata ni kusafisha. Sukutua na maji ya vuguvugu, pitisha uzi wa meno taratibu pande zote mbili za jino linalouma, maana kuna wakati ni mabaki ya chakula tu yamejibana kati ya jino na ufizi, yakitoka na maumivu yanatoka nayo. Kama hayakutoka hapo, weka chumvi nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, koroga, sukutua kama nusu dakika, tema, rudia baadaye. Chumvi haizibi tundu wala haiui jipu lililojificha kwenye mzizi, inasafisha tu na kutuliza fizi iliyochokozeka, na kwa usiku mmoja hiyo inatosha.

Barafu weka nje, kwenye shavu, imefungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 afu pumzisha. Maji ya moto ya kukanda hapana, najua yanavutia, ila joto linaita damu zaidi na kama kuna usaha linaongeza uvimbe. Na ukiona jino linauma ukinywa kitu cha moto ila linatulia ukishika maji ya baridi mdomoni, yaani unatembea na chupa ya maji ya baridi kama mtoto mchanga, usifurahi kwamba umegundua dawa. Hiyo mara nyingi ni dalili kwamba neva ya hilo jino iko njiani kufa.

Karafuu sasa. Hii inafanya kazi kweli, sio stori. Ndani ya karafuu kuna kitu kinaitwa yujenoli ambacho kinatia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe wanakitumia miaka na miaka kwenye baadhi ya dawa za kuzibia jino kwa muda. Kama una mafuta yake, tone moja kwenye kipande kidogo cha pamba, gusisha kwenye tundu la jino, basi. Usimimine. Mafuta ya karafuu yakikaa kwenye fizi yanaunguza, kesho unaamka na maumivu mawili badala ya moja. Na watoto wadogo usiwawekee kabisa, wakiyameza ni sumu kwao, yanaweza kuharibu ini.

Kitu ambacho sitaki hata kukisikia ni kuweka kidonge cha aspirini juu ya fizi karibu na jino. Aspirini ni asidi, na dawa hiyo inafanya kazi ukimeza, ukiilaza pale fizi inageuka nyeupe kama karatasi iliyolowa afu inabanduka. Hivyo hivyo kwa maji ya betri, petroli na maajabu mengine ambayo watu wanaambizana. Jamani.

Dawa za kumeza zinazosaidia jino zaidi ni ibuprofeni, kwa sababu inapunguza maumivu na uvimbe kwa pamoja, na parasetamoli. Mtu mzima asiye na tatizo lingine la kiafya anaweza kuzitumia zote mbili, zinafanya kazi kwa njia tofauti na zikienda pamoja zinashinda moja peke yake. Ibuprofeni ni miligramu 400 baada ya kula, na bila daktari usizidishe 1200 kwa siku. Parasetamoli ni 500 hadi 1000 kwa mara moja, ukiacha angalau saa nne mpaka sita katikati, na isizidi 4000 kwa saa 24, na hapo angalia na dawa za mafua unazokunywa maana nyingi zina parasetamoli ndani, unajikuta umemeza dabo bila kujua. Ini halisamehe hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa kama hizi, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito, ibuprofeni aiache mpaka aongee na daktari. Watoto wanapimiwa kwa uzito, usikate kidonge cha mkubwa kwa kukadiria, na aspirini hawapewi kabisa.

Sasa lile linaloniudhi kuliko yote: amoksilini. Jino likiuma mtu anakimbilia duka la dawa, anapewa antibayotiki, anameza vidonge vinne vitano, jino linatulia, vilivyobaki anatunza kwa ajili ya siku nyingine au anampa shemeji. Antibayotiki sio dawa ya maumivu. Kiini cha jino kikiwa kimewaka bila usaha kusambaa hakuna bakteria wa kufukuzwa kwa kidonge, na kiini kikishakufa damu haifiki tena mle ndani, dawa itapitia wapi? Ina kazi yake, uvimbe unapoanza kusambaa au mtu anapopata homa, na hata hapo inasindikiza tu matibabu ya jino lenyewe. Kwa hiyo jino lilitulia kwa nini? Mara nyingi lilitulia kwa sababu lilikuwa linaelekea kutulia lenyewe, na hapo ndo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Jino lililouma vibaya sana afu likanyamaza ghafla bila kutibiwa halijapona. Neva imekufa. Aliyekuwa anapiga kelele ameondoka, bakteria wamebaki, wanashuka kwenye mzizi kimyakimya mpaka kwenye mfupa. Mdogo wangu jino lake la nyuma chini lilimtesa siku kadhaa, likakata, akaanza kututambia kwamba yeye hahitaji daktari. Muda ukapita, asubuhi moja akaamka shavu limejaa. Nilimsindikiza. Daktari hakuanza na mashine wala nini, alichukua kile kioo kidogo akageuza, akaanza kugonga meno moja moja kwa mpini, tik, tik, tik, alipofika kwenye lile linalomsumbua, jamaa akaruka kwenye kiti. Afu akagusisha kipamba chenye baridi kali, jino la jirani likashtuka, lile lenyewe halikusikia chochote. Jino likigongwa unaumia ila baridi halisikii, hapo tayari inajulikana neva imekufa. Eksirei ikaonyesha doa jeusi kwenye ncha ya mzizi. Akatoboa jino kwa juu na usaha ukaanza kutoka wenyewe, harufu ikajaa chumba kizima, mimi nikatafuta dirisha, mgonjwa mwenyewe akashusha mabega akafumba macho. Dakika hiyo hiyo. Hakuna kidonge kinafanya vile.

Ya kwenda lini basi? Mi naangalia hivi. Ukinywa baridi jino linashtuka sekunde mbili tatu linaacha, una nafasi, weka miadi wiki hizi, huenda ikawa kuziba tu na habari imeisha. Ukinywa baridi na maumivu yanabaki nusu dakika au zaidi, au linauma lenyewe bila kuguswa, au linakuamsha usiku, usisubiri, kiini kinakufa na ukichelewa kinachobaki ni ruti kanali, yaani kutoa kiini chote na kuziba mizizi, au kung'oa. Ukiona kipele kwenye fizi kinapasuka kinatoa kitu cha chumvichumvi kinachonuka kisha kinarudi tena, ule ni mlango wa usaha, nenda hata kama hakiumi. Kwa ujumla maumivu yakipita siku mbili hata kama unayamudu kwa dawa, nenda.

Afu kuna yale ya kwenda hospitali sasa hivi, emajensi, sio kliniki ya kesho: uvimbe unaoshuka chini ya taya na shingoni au unaopanda mpaka jicho linafumba, ulimi umenyanyuliwa juu, mate yanadondoka kwa sababu kumeza kunashindikana, sauti imebadilika, mdomo haufunguki, pumzi inakuwa nzito, homa na kutetemeka. Usaha wa jino la chini unaweza kusambaa chini ya ulimi na kuziba njia ya hewa. Daktari mmoja Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza ugonjwa huo mwaka 1836 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake, na mpaka leo unaua. Kuna na hili ambalo sio jino kabisa: maumivu ya taya yanayokuja na kifua kubana, jasho, au mkono wa kushoto kuuma, hasa ukitembea au kupanda ngazi, hilo ni la moyo, mbio. Na magego ya juu yakiuma yote kwa pamoja ukiinama, pua imeziba, inawezekana ni sainasi tu, yaani vile vyumba vya hewa kwenye mifupa ya uso karibu na pua vimevimba, hapo usikubali kung'olewa jino kabla hujapimwa.

Wajawazito mnaoambiwa msubiri mpaka mjifungue, hapana, jino linatibiwa ukiwa mjamzito na ganzi ya kawaida inatumika, muhimu umwambie daktari mapema una miezi mingapi.

Najua wengi hamwogopi jino, mnaogopa sindano. Sawa, ila jueni kwamba kuchelewa ndo kunafanya sindano iwe mbaya. Sehemu iliyowaka au yenye usaha inakuwa na asidi nyingi, na ganzi kwenye asidi haishiki vizuri, ndo maana mtu anasema alichomwa mara kibao na bado alisikia kila kitu. Aliyewahi ganzi inashika, anakaa anasikia mtikisiko tu. Kabla hajaanza mwambie dawa ulizomeza usiku na saa ngapi, kama una mzio au presha au sukari, na mkubaliane ishara, kwa mfano kunyanyua mkono wa kushoto. Ukisikia mchomo nyanyua, asimame, aongeze ganzi.